Njia ya Msitu wa Rau na Sisi Wakazi wa Njoro

Hotuba ya Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa Kata ya Njoro. Inachapishwa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie huduma za jamii. Mkutano wa namna hii ukitangazwa, watu huja wamejiandaa kuuliza habari za maji, taka, barabara na taa za mitaani, nao wana haki ya kuuliza. Mimi leo nawaletea habari ya njia moja isiyo na lami, isiyo na taa wala mfereji, ambayo haimo katika orodha ya barabara zinazotengenezwa kwa fedha za Halmashauri. Ni njia ya miguu ipitayo ndani ya Msitu wa Rau. Hoja yangu ni kwamba njia hiyo ni huduma kama zilivyo nyingine, na kwamba tunaipoteza kwa kutoipita.

Msitu wa Rau uko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wa Moshi. Una ukubwa wa takribani hekta 570, yaani kama viwanja mia nane vya mpira vilivyowekwa ubavu kwa ubavu. Ni msitu wa asili wa tambarare, uliopo chini ya mlima, katika mwinuko usiofika mita 800 juu ya usawa wa bahari. Wengi wetu huuona kila siku kama ukuta wa kijani mwishoni mwa mashamba. Wageni wanaoshuka mlimani husindikizwa na waongozaji wao kwenda kutembea humo saa chache kabla ya kupanda ndege ya kurudi kwao. Lakini mtoto aliyezaliwa Njoro anaweza kumaliza darasa la saba bila kuukanyaga, na akiulizwa habari za misitu akaeleza ile ya kitabuni.

Jina la kata yetu lenyewe ni jina la maji. Wamasai huita chemchemi enchoro, na wengi wanaona kwamba ndiko lilikotoka jina Njoro, ambalo linakutwa pia nchini Kenya karibu na Nakuru. Waliopaita mahali hapa hivyo walikuwa wafugaji waliofika na mifugo yenye kiu, wakakuta maji yanatoka ardhini bila kuchimbwa. Hawakupaita mahali pa mpunga, wala mahali pa mji. Nawaombeni mlishike jambo hilo, kwa kuwa maelezo yote yanayofuata yanasimama juu yake.

Mvua inayonyesha mjini kwetu kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 1,000. Kwa mvua hiyo peke yake, na kwa kiangazi kirefu tunachokijua, ardhi hii ingekuwa na vichaka na migunga tu, kama tunavyoona tukiteremka kuelekea Mwanga. Hata hivyo Rau kuna miti ambayo shina lake halikumbatiwi na watu wawili. Miti hiyo haiishi kwa kutegemea wingu lililo juu yake. Mizizi yake imeyafikia maji yaliyo chini ya ardhi, nayo yapo karibu na uso wa ardhi kuliko tunavyodhani. Wataalamu huuita msitu wa aina hii msitu wa maji ya ardhini. Msitu wa Kahe ni ndugu yake, na ule unaowapokea wageni langoni mwa Hifadhi ya Ziwa Manyara ni wa ukoo huohuo.

Sasa, maji hayo ya ardhini yametoka wapi? Nimeuliza swali hili mara nyingi katika shule na vikao, na jibu ninalopewa ni lile lile: yametoka kwenye theluji ya Kibo. Ni jibu tamu, tena lina fahari ya nyumbani ndani yake, lakini si sahihi. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takribani asilimia 85. Kama mito yetu ingekuwa inanyweshwa na barafu hiyo, leo tungekuwa tumebaki na makorongo makavu. Maji yetu hutoka kwenye mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, katikati ya mlima. Huko juu, kwenye mteremko wa kusini unaotutazama sisi, mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na miti yenye kuvu na ndevu za mwani hukamata hata ukungu ukadondoka matone. Maji huzama katika miamba ya volkano yenye nyufa na matundu, husafiri gizani chini ya vihamba vya migomba na kahawa, kisha hujitokeza mguuni mwa mlima. Mguuni mwa mlima ndipo tulipo sisi.

Kwa hiyo mlima una misitu miwili katika hesabu yetu ya maji. Ule wa juu huyapokea, na huu wa chini husimama pale yanapotokea. Wa juu unajulikana dunia nzima. Umekuwa hifadhi kwa muda mrefu, na mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ili kuujumuisha. Ndani yake, katika bonde la Mrusungu, mwaka 2016 watafiti walitangaza kupimwa kwa mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, ambao ndio mti wa asili mrefu kuliko yote ya asili iliyopata kupimwa Afrika. Huu wetu wa chini hauna tangazo kama hilo. Una majirani tu.

Na majirani wake ni wengi kuliko tulioketi hapa. Maji ya Njoro na ya Mto Rau ndiyo yanayolisha Mradi wa Umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Wali tunaoununua sokoni kwa jina la mchele wa Mabogini au wa Chekereni umepikwa na maji hayo kabla haujafika jikoni. Yakivuka mashamba, maji yanaungana na ya mito mingine kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huyachukua kupitia mitambo ya umeme ya Hale hadi Bahari ya Hindi. Mzozo wa zamu ya maji katika mifereji ya mpunga, ambao wakulima waliopo hapa wanaujua kuliko mimi, unaanzia huku kwetu juu.

Nimesema vya kutosha juu ya maji. Niingie msituni.

Ukitoka kwenye jua la saa sita na kuingia chini ya miti ya Rau, kitu cha kwanza kubadilika ni hewa, na cha pili ni sauti. Pikipiki unazisikia bado, lakini kwa mbali, kama zinapita mtaa wa pili. Njia ni nyembamba, udongo ni mweusi, na mahali pengine unazama kidogo hata wakati wa kiangazi. Pale unapozama ndipo pa kusimama na kutazama, kwa sababu maji yako chini ya kiatu chako. Sisi watu wa habari tuna ugonjwa wa kupiga picha kwanza na kutazama baadaye. Rau haipigiki picha vizuri, kwa kuwa ni kubwa mno kwa simu na ina giza mno, basi humlazimisha mtu atazame.

Mzee wa msitu huu ni mvule. Upo mmoja mkubwa ambao waongozaji huwapeleka wageni wauone, na husimuliwa kuwa umepita miaka 200. Mimi sina cheti cha kuzaliwa cha mti, lakini anayesimama chini yake hana haja ya kubishana. Wengi tunaujua mvule kwa milango, vitanda na majahazi. Wachache tunajua kwamba mvule una miti dume na miti jike mbali mbali, na kwamba mti jike pekee ndio utoao matunda. Matunda hayo huliwa na popo, ambao huruka nayo usiku na kuangusha mbegu mahali ambapo binadamu hangepafikiria. Mafundi seremala waliopo hapa wanajua pia kwamba ndani ya ubao wa mvule hukutwa jiwe, chokaa ngumu iliyojijenga ndani ya shina, inayoweza kuvunja meno ya msumeno.

Kuna jambo jingine kuhusu mvule ambalo nataka lifike kwenye kila nyumba. Miche yake ikipandwa mingi pamoja mahali pa wazi, hushambuliwa na mdudu mdogo anayesababisha uvimbe kwenye majani na machipukizi, na mingi hudumaa au kufa. Ndani ya msitu, ukiwa mmoja mmoja katikati ya miti mingine, mche una nafasi ya kupona. Tumezoea kaulimbiu ya kata mti, panda mti. Ni kaulimbiu nzuri kwa mgrevilea na kwa mwembe. Kwa mvule wa Rau haina maana, kwa kuwa aliyeukata hana njia ya kuurudisha, hata akipanda miche mia na kupigwa picha akiimwagilia.

Mti wa pili ni msoo. Wapo watu wa Moshi waliofika uzeeni bila kusikia jina hili, na hali hiyo inanisikitisha, kwa sababu wataalamu wa mimea duniani wanalijua. Jina la kisayansi la mti huu ni Oxystigma msoo. Yaani wanasayansi wa Ulaya walipoufikia mti huu, walichukua jina ulilokuwa ukiitwa na watu wa huku na kuliandika katika vitabu vyao vya Kilatini. Unapatikana katika sehemu chache tu za Tanzania na Kenya, zile zenye maji ya ardhini au kando ya mito kama Mto Tana, na umeorodheshwa kati ya miti iliyo hatarini kutoweka. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha ng'ambo hukariri neno msoo kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi wa Njoro anaweza kuuona kabla ya chakula cha mchana, kama kuna mtu wa kumpeleka.

Juu ya miti hiyo kuna mbega, yule mwenye joho jeupe mabegani na mkia kama mchirizi wa maziwa. Watu humchanganya na tumbili anayeiba mahindi, na hivyo humrushia mawe bure. Mbega hana kidole gumba cha maana, hula majani zaidi, na hapendi kushuka chini. Yuko pia hondohondo, ndege mwenye pembe juu ya mdomo. Jike lake linapotaka kutaga hujifungia ndani ya tundu la mti mkubwa kwa kuziba mlango kwa udongo, likibakiza ufa ambao dume hupitishia chakula kwa wiki nyingi. Ndege huyo hahitaji mti wowote tu. Anahitaji mti uliozeeka hadi ukawa na tundu la kumtosha. Msitu uliojaa miche michanga, hata uwe wa kijani namna gani, kwake ni mji usio na nyumba za kupanga.

Ndugu wananchi, msitu huu una hatari zake, na nisingependa kuzipamba. Zipo kuni zinazokatwa mbichi na kuitwa kavu. Yapo magome yanayobanduliwa kuzunguka shina zima kwa ajili ya dawa, hata mti ukafa umesimama. Zipo taka za nyumbani zinazotupwa pembezoni usiku, kana kwamba msitu ni jalala lisilotozwa ada. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini vifungashio, chupa na nepi za watoto zimebaki, na mvua ya masika huvisukuma hadi kwenye mifereji ya mpunga.

Hata hivyo hatari ninayoiogopa kuliko hizo ni ukimya. Msitu uliohamwa na majirani zake hubaki na watu wa aina mbili: mgeni wa saa tatu na mkataji wa usiku. Mgeni hajui jana palikuwaje, kwa hiyo hawezi kujua kilichopungua. Mkataji anajua sana, lakini hatasema. Anayekosekana ni yule anayepita kila mwezi, ambaye ataona kwamba mahali palipokuwa na unyevu pamekuwa pakavu, au kwamba mvule uliokuwa na majani Machi hii hauna majani Machi ijayo. Askari wa misitu ni wachache, na hekta 570 ni nyingi. Hakuna mshahara unaoweza kununua macho ya mkazi anayejua njia kama anavyojua uchochoro wa kwao.

Mifano ipo. Nje ya Dar es Salaam kuna misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ya asili na ya zamani sana, iliyopoteza sehemu kubwa ya miti yake kwa mkaa na uvamizi. Mji mkubwa ulikuwa jirani, lakini wengi wa watu wake waliujua msitu kwa gunia tu. Sasa vuka mpaka uende Nairobi. Msitu wa Karura, wenye hekta 1,041, ulikuwa ukigawiwa kwa wajenzi miaka ya tisini. Mwaka 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti humo wakapigwa na kujeruhiwa. Ugawaji ulisimama, naye mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni iliyofuata. Baada ya ushindi huo msitu ulibaki miaka kadhaa ukiwa mahali pa kuogopwa, maficho ya wahalifu, na watu wema hawakuingia. Uligeuka pale chama cha wakazi kilipoanza kuusimamia pamoja na shirika la misitu la Kenya, njia zikasafishwa, vijana wa makazi ya jirani wakapewa kazi ya ulinzi, na familia zikaanza kutembea humo Jumapili. Nairobi ina fedha na mabalozi tusio nao sisi. Lakini kutembea hakuhitaji balozi.

Na tusijidanganye kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mwaka 1941, kwenye mpaka wa msitu wa mlima, lilitengwa eneo lililoitwa Ukanda wa Nusu Maili, ili Wachaga wapate humo kuni, mbao na majani bila kuingia msitu wenyewe. Usimamizi wake uliwekwa mikononi mwa Baraza la Wachaga. Wazee wetu waliujua msitu kwa kuutumia na kuulinda kwa mikono hiyohiyo. Mipaka ya vihamba waliiwekea masale, na mmea huohuo wa sale ndio uliopelekwa kuomba radhi palipokuwa na ugomvi. Sisemi turudi 1941. Nasema kwamba elimu ya kuishi ukingoni mwa msitu ilikuwepo, na ilikaa miguuni mwa watu.

Kabla ya mkutano huu nimezungumza na baadhi yenu na nimesikia pingamizi nne. Sitazijibu zote kwa uzito sawa.

Wengine wamesema hawana muda. Hilo silijibu, kwa sababu nimeona jinsi uwanja unavyojaa siku ya mechi.

Wengine wanaogopa nyoka. Nyoka wapo. Vaa viatu vya kufunika mguu na suruali ndefu, tembea njiani, usitie mkono kwenye tundu wala chini ya gogo. Nyoka akisikia kundi la watu huondoka mapema kuliko kundi lenyewe.

Wengine wamesema msitu ni wa Serikali na mtu akiingia hukamatwa. Ni kweli kwamba si mali ya Halmashauri. Ni hifadhi ya Serikali Kuu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 ndiyo inayoiongoza. Kuingia kunataka ruhusa ya ofisi yao, na kwa matembezi ya utalii kuna ada inayolipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ambayo kwa Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni. Asiwepo mtu wa kuwatoza fedha mkononi njiani. Mkiombwa, dai risiti, na usipopewa, toa taarifa kwa mtendaji. Lakini sheria hiyohiyo, pamoja na Sera ya Misitu ya mwaka 1998, imefungua mlango wa wananchi kushirikishwa katika usimamizi. Mlango uliofunguliwa hauna faida kama hakuna anayeupita.

Pingamizi la nne ni la akina mama, nalo ndilo zito. Wameniambia: wewe unatuita tukatembee, sisi msitu tunaujua kwa mzigo wa kuni kichwani, na tukionekana tunafukuzwa. Hapo nilinyamaza nikasikiliza. Ni vigumu kumwambia mtu apende mahali anapopaingia kwa hofu. Maoni yangu, na nimeyaandika kwa wakubwa wangu, ni kwamba suala la kuni kavu lijibiwe na ofisi ya misitu hadharani na kwa maandishi, libandikwe kwenye mbao za matangazo za mitaa yote, ili mama ajue kipi kinaruhusiwa na kipi hakiruhusiwi bila kutegemea hali ya moyo wa askari wa siku hiyo. Mpango wa nchi, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Ni lengo zuri. Lakini sufuria ya leo jioni haiwezi kungoja mwaka 2034, na anayesimamia msitu bila kuizungumzia sufuria hiyo anajenga ukuta wa mchanga.

Je, Halmashauri inaweza nini, ikiwa msitu si wake? Inaweza mambo ya ukingoni, na ukingo ndio unaoliwa kwanza. Ratiba ya gari la taka kwa mitaa iliyo karibu na msitu ni kazi yetu, na palipo na jalala la usiku mara nyingi ni pale ambapo gari halikufika mchana. Hilo mna haki ya kutudai, tena kwa tarehe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kupima mita hizo na kuweka alama kunahitaji maofisa wetu, ofisi ya Bonde la Pangani iliyopo hapa hapa Moshi, na wenyeviti wa mitaa wanaojua nani amelima wapi. Shule zetu pia zinaweza kuandika barua ya kuomba ruhusa ya ziara ya mafunzo. Barua moja ya mwalimu mkuu ni rahisi kuliko basi la kwenda Manyara, na mtoto atarudi nyumbani kabla ya jua kuchwa.

Anayetaka kutembea, maelezo ni haya. Msiende mmoja mmoja. Kundi la watu sita hadi kumi linatosha, likiwa na mtu mmoja anayeijua njia. Apite kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa ili majina yaandikwe na ruhusa iombwe kwa pamoja. Wakati mzuri ni asubuhi, kuanzia saa moja, kabla joto halijapanda na wakati mbega bado wanakula. Miezi ya masika njia huteleza na mbu ni wengi, hivyo wenye watoto wadogo wangoje Juni. Beba maji ya kunywa na mfuko wa kurudishia chupa. Usiwalishe kima wala tumbili, kwani aliyezoea ndizi ya mgeni leo ataifuata jikoni kwako kesho. Usivute sigara humo, na usiwashe moto hata wa kuchoma hindi.

Nina ombi moja la ziada kwa kila kundi. Chukueni daftari la shule la kawaida. Andikeni tarehe, mahali mlipokuta maji au tope, mti mkubwa uliokauka au kuanguka, shina lililobanduliwa gome, na taka mlizoziona. Msiandike majina ya watu, maana daftari hili si la kushtaki jirani. Liwekwe ofisi ya mtaa, na kundi litakalofuata liendeleze palipoishia. Nakala ya kila mwezi mkiniletea, nitaichapa katika jarida hili bila kupunguza kitu, na nitaambatisha majibu ya idara inayohusika, au nafasi tupu kama haijajibu.

Sasa nasimama hapa kupokea maswali. Naomba tuanze na wakazi wanaopakana na msitu, kisha wakulima wa mpunga waliotoka Mabogini, kwa kuwa wana safari ya kurudi.